Pikipiki Ilale Ikitazama Mlango

Yako mambo makubwa ambayo watu huyazungumza mchana kutwa, na yako mambo madogo ambayo hakuna ayazungumzaye, ingawa hutusumbua kila jioni. Leo twataka kusema juu ya moja katika hayo madogo, nalo ni namna ya kuigeuza pikipiki ndani ya nyumba isiyo na nafasi. Mwenye ua mpana na lango la chuma labda atacheka. Sisi tukaao Birere hatucheki, kwa maana kwetu pikipiki hailali uani. Hulala nyumbani pamoja nasi.

Asiyeujua mji wa Goma na aelezwe kwanza. Jina la Birere halimo katika orodha ya mitaa 18 ya mji. Ni jina la watu wenyewe, nalo lataja sehemu ya zamani iliyo kati ya mjini na mpaka wa Rwanda, mguu mmoja katika komini ya Goma na mguu wa pili katika komini ya Karisimbi. Huko ndiko wapitako wachuuzi wengi waendao na kutoka Gisenyi kwa kivuko kiitwacho Petite Barrière. Nyumba zimebanana kama punje za muhindi juu ya gunzi. Nyingi ni za mbao na mabati, na kati ya nyumba na nyumba mna kichochoro ambacho watu wawili wakikutana, mmoja hana budi kugeuka ubavu ili mwenziwe apite.

Ubanano huo una sababu zake. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na mto wa mawe ya moto ukashuka, ukapita katikati ya mji hata ukaingia ziwani Kivu. Watu waliporudi walikuta mwamba mweusi mahali palipokuwa na vyumba vyao, wakajenga tena juu ya mwamba ule ule. Si rahisi kuchimba msingi mrefu katika jiwe kama hilo, na nyumba ya mbao huinuliwa upesi kwa gharama ndogo. Tena vita vya Masisi na Rutshuru vimewaleta mjini jamaa wengi, na kila aliyekuja alikuwa na ndugu wa kumpokea. Kiwanja cha baba kikagawanywa kwa wana watatu, na cha mwana kikakatwa tena ili mpangaji apate pa kulala. Hivyo mahali pa nyumba moja pamekuwa pa nyumba nne, na ua umekwisha.

Ndani ya ubanano huo imeingia pikipiki. Vijana wengi wa kwetu hupata ugali wao kwa kuchukua abiria. Ndio wale tuwaitao wamotari. Baadhi yao wana pikipiki zao wenyewe, walizozinunua kwa fedha za jamaa nzima, mama akiuza kitenge na mjomba akiuza mbuzi. Wengine huendesha pikipiki ya mtu mwingine, na kila jioni humpelekea mwenye mali fedha walizoagana. Pikipiki ikiibwa, deni haliibwi pamoja nayo. Hubaki mlangoni likimngojea kijana. Kwa hiyo hakuna mwenye akili aiachaye kichochoroni usiku, hata akiifunga kwa mnyororo na kufuli mbili. Huisukuma hadi ndani, na ile sebule yetu hugeuka kuwa gareji.

Ni gareji ya namna gani basi? Ni chumba ambacho asubuhi ni pa kupokelea wageni, mchana ni pa watoto kusomea, jioni ni pa kulia, na usiku ni pa kulala watoto na pikipiki pamoja. Tuseme chumba kina mita 3 kwa 3, na hicho ni chumba kizuri kwetu. Ndani mna meza, viti, kabati la vyombo, madumu ya maji na gunia la makala. Pikipiki ya motari ina urefu unaokaribia mita 2, na usukani wake una upana unaokaribia sentimeta 80, yaani karibu sawa na mlango wenyewe. Uzito wake wapita kilo 100. Kitu chenye urefu wa mita 2 kikizungushwa papo hapo hudai duara la mita 2 toka upande hadi upande. Haya, ondoa meza, ondoa kabati, ondoa godoro la watoto, kisha utafute duara hilo liko wapi.

Mtu atauliza: Kuna haja gani ya kuigeuza? Si imekwisha kuingia? Hapo ndipo penye maneno yetu ya leo. Pikipiki iliyoingizwa kwa kichwa hutazama ukuta wa ndani, na mkia wake huuelekea mlango. Ili itoke, lazima ivutwe kinyumenyume juu ya kizingiti, au igeuzwe. Kazi hiyo itafanyika tu, leo jioni au kesho alfajiri. Swali ni moja: Ifanyike wakati gani?

Twajua jibu la vijana, kwa maana twalisikia nyumba kwa nyumba. Mama husema, “Mwanangu, igeuze kwanza ndipo ukae.” Kijana hujibu, “Mama, nimechoka. Nitaigeuza kesho.” Wala hasemi uongo. Amekaa juu ya kiti kile tangu alfajiri, akiruka juu ya mawe ya njia zetu, akila vumbi la mlima wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Mabega yamekufa ganzi. Mama naye husita kumrudi, akijua kwamba chakula kilicho mbele yao kimetoka katika mabega hayo. Basi hunyamaza, akatandika godoro la watoto kando ya gurudumu, na pikipiki hulala ikitazama ukuta.

Alfajiri yaja na taabu yake. Motari hutaka kuwa barabarani mapema, wakati wachuuzi waendapo mpakani na wanafunzi waendapo shule. Chumba ni giza. Watoto wamelala miguu huku na huku. Kijana huinua, husukuma, huvuta. Usukani hugonga kabati, sahani hulia, mtoto huamka akilia, babu hukohoa nyuma ya pazia. Wengine, kwa kukosa subira, huwasha injini humo humo chumbani ili ipate joto. Moshi wa injini ya esanse una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo humlegeza mtu kabla hajatambua kwamba anadhurika. Nyumba ya mbao yenye nyufa hupitisha upepo, ni kweli, lakini wengi wetu tumezibandika nyufa hizo karatasi na turubai ili kuzuia baridi ya usiku. Pikipiki na itoke nje kwanza kwa kusukumwa; iwashwe huko njiani.

Sasa tuseme namna za kuigeuza, kwa maana haifai kumwambia mtu afanye jambo bila kumwonyesha njia yake.

Namna ya kwanza, nayo ndiyo iliyo bora, ni kutoigeuza ndani hata kidogo. Igeuze nje, mahali kichochoro kinapopanuka, au katika ua wa jirani kwa ruhusa yake, kisha uiingize kinyumenyume. Watu hukwepa njia hii kwa sababu gurudumu la nyuma ni zito kulipandisha juu ya kizingiti. Dawa yake ni kipande cha ubao mnene kilichochongwa mteremko, kiwekwe mbele ya kizingiti kila jioni na kuondolewa baadaye. Asimame mtu upande wa kushoto wa pikipiki, mikono yote miwili juu ya usukani, na vidole vya mkono wa kuume visiiache breki ya mbele. Mwingine na avute kwa nyuma, polepole, huku akimwambia mwenziwe: njoo, njoo, simama. Watu wawili wakisikilizana humaliza kazi hii kabla sufuria haijachemka.

Namna ya pili ni ya kwenda mbele na kurudi nyuma. Ikiwa pikipiki imekwisha kuingia kwa kichwa, nawe wataka kuizungusha kuelekea kushoto, pinda usukani wote kushoto uisukume mbele kadiri nafasi iruhusuvyo. Kisha pinda usukani wote kulia uivute nyuma. Rudia hivyo. Kila mara itageuka kidogo, na baada ya kwenda na kurudi mara nyingi itautazama mlango. Jambo la kushika ni hili: pikipiki iegemee kwako kidogo, nyonga yako ikiitegemeza kwenye kiti. Isisimame wima kabisa, wala isiinamie upande wa pili. Ikikuponyoka kuelekea kwako, utaweza kuizuia. Ikiangukia upande wa pili, hakuna wa kuizuia. Tena kwa pikipiki nyingi za wamotari bomba la moshi liko upande wa kulia, nalo jioni lina moto wa kuunguza ngozi mara moja. Tazameni miguu ya abiria wa mji huu, mtaona makovu. Basi mtoto asikae upande huo wakati wa kugeuza, hata kama ndiye mshika taa.

Namna ya tatu hutumia ile miguu miwili ya katikati, iliyo chini ya injini. Pikipiki ikiinuliwa juu yake, gurudumu la nyuma huning’inia hewani. Kabla ya kuiinua, weka chini ubao imara uliopakwa nta ya mshumaa upande wa chini, ili miguu hiyo ikanyage juu ya ubao. Mtu wa nyuma akandamize kidogo nyuma ya kiti, gurudumu la mbele liwe jepesi, na wa mbele aongoze usukani; nayo pikipiki itazunguka pamoja na ubao wake. Hii yafaa kwenye sakafu ya saruji. Penye udongo na changarawe za mlima ubao hauteremki vizuri, na miguu isiyo na ubao huzama.

Iko namna ya nne ambayo vijana huipenda kwa kuwa yaonyesha nguvu zao. Huuegemeza mwili wote wa pikipiki juu ya mguu mmoja wa kando, magurudumu yote mawili yakaachana na ardhi, kisha huizungusha kama pia. Njiani, mbele ya wenzao, wana hiari. Ndani ya nyumba hatuishauri. Uzito wote huukalia mguu mwembamba ambao haukufanyiwa kazi hiyo. Ukipinda, pikipiki huanguka. Lakini hatari iliyo kubwa zaidi ni kwamba pikipiki ikilazwa sana, esanse huweza kumwagika kutoka kwenye kabureta yake ikadondoka sakafuni. Na hapo twafika kwenye neno zito la habari hii.

Watu wengi wa Goma, wakifuata Kifaransa, huiita pikipiki “moto”. Lugha imetufanyia mzaha, lakini mzaha wenyewe una maonyo ndani yake. Moto wa magurudumu na moto wa jikoni wamekaa chumba kimoja, na majirani hao hawapatani. Katika nyumba zetu mbabula ya makala hupika maharagwe saa mbili nzima, na ikinyesha mvua huingizwa ndani. Umeme ukikatika huwashwa mshumaa, nao husimamishwa chini, juu ya kifuniko cha kopo. Kila mtu wa Birere amewahi kuamshwa usiku na kelele za nyumba inayoungua, na ajua jinsi moto unavyorukia ukuta wa mbao hadi ukuta wa mbao, na jinsi gari la kuzimia lishindwavyo kupita kichochoroni.

Watu hudhani kwamba esanse ni hatari pale inapoonekana tu. Sivyo. Mvuke wake hauonekani, nao ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini bali hushuka, hutambaa sakafuni kama nyoka, ukitafuta njia. Sisi wa Goma twapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko watu wengine, kwa sababu twaijua mazuku, ile hewa nzito itokayo ardhini ambayo hukaa katika mabonde ya kando ya ziwa na kuua mbuzi, hata watu. Mzee humwambia mtoto asiingie katika shimo asubuhi mapema, kwa kuwa mazuku imelala humo. Basi mvuke wa esanse nao hulala chini, mahali pale pale tulipoweka mbabula, mshumaa na godoro la watoto. Ukiukuta moto hapo chini, huwaka kwa kishindo, na moto hurudi mbio hadi kwenye tangi.

Mji wetu umelipa ada kubwa kwa somo hilo. Tarehe 21 Januari 2002, siku nne baada ya mlima kupasuka, watu walikuwa wakiteka esanse katika kituo kimoja kilichokuwa karibu na mawe yaliyokuwa bado na moto. Kituo kililipuka, na makumi ya watu wakafa palepale. Mlima ulikuwa umetulia. Waliuawa na esanse iliyokutana na joto.

Kwa hiyo zipo sheria chache ambazo hazina mjadala. Kabla ya kuivusha pikipiki kizingiti, kifungwe kile kibomba kidogo kilicho chini ya tangi, kama ipo nacho. Isiingie hadi bomba la moshi lipoe. Mbabula na mshumaa vitoke kwanza, ndipo pikipiki iingie. Na ikiwa imeingia, visirudi. Taa na iwe ya betri. Esanse ya akiba, ile iwekwayo katika chupa au bidoni nyuma ya mlango, isilale nyumbani kabisa. Pakisikika harufu ya esanse, usitafute kwa kiberiti inavuja wapi. Fungua mlango, toa watoto, sukuma pikipiki nje.

Mtatwambia: Hayo yahusu esanse. Kuitazamisha mlangoni kwahusu nini? Kwahusu usiku. Usiku si wetu. Tukumbuke Jumamosi tarehe 22 Mei 2021. Ilikuwa jioni, watu wakiwa mezani au wakijitayarisha kulala, mbingu ikawa nyekundu upande wa mlima. Hakuna aliyekuwa amepewa taarifa kabla. Safari hii mto wa moto ulisimama Buhene, ukingoni mwa mji, haukufika kwetu. Lakini wakati ule hakuna aliyejua kwamba utasimama. Watu wakatoka wakakimbia, wengine kwenda Gisenyi, wengine kwenda Sake, kwa miguu, kwa magari, na pikipiki moja ikiwa imebeba baba, mama na watoto watatu.

Serikali ilipotoa hesabu ya kwanza ya waliokufa, ilitaja watu 15. Kati ya hao 9 walikufa kwa ajali ya barabarani walipokuwa wakikimbia, 4 waliokufa walikuwa wakijaribu kutoroka gereza la Munzenze, na 2 tu ndio walioungua. Hesabu iliongezeka baadaye, lakini ile ya kwanza yatosha kutufundisha. Usiku ule haraka na fujo ziliua watu wengi kuliko moto wenyewe. Tena siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, ikatoka amri kwamba mitaa 10 ihame, na Mapendo, Mikeno, Kahembe, Murara na Bujovu ilikuwa humo. Kwa mara ya pili katika juma moja ilitupasa kutoka.

Haya, fikirini nyumba ambayo pikipiki yake yatazama ukuta usiku kama huo. Umeme hakuna. Nje watu wapiga mayowe. Mwenye nyumba avuta chuma cha kilo 100 na zaidi kinyumenyume gizani. Usukani umefungwa kwa ufunguo, na ufunguo umo mfukoni mwa suruali isiyoonekana ilipo. Gurudumu lakwama kizingitini, usukani wakwama kwenye fremu ya mlango, na nyuma yake wako mama, watoto na babu, wakingojea. Mlango ni mmoja tu. Chombo kilicholetwa ndani kwa hofu ya mwizi kimekuwa kizibo, na nyumba imekuwa chupa.

Ndiyo sababu twasema mambo mawili kwa pamoja, wala moja halitoshi bila la pili: pikipiki ilale ikitazama mlango, na mlango usizibwe. Haifai kuisimamisha katikati ya njia kwa kisingizio kwamba imekwisha kugeuzwa. Iegemezwe kando ya ukuta, kichwa kwenye mlango, na ibaki njia wazi ubavuni mwake. Kipimo cha njia hiyo hakihitaji mita ya fundi. Mama na asimame ndani kabisa ya nyumba, mtoto mgongoni na dumu la maji mkononi, ajaribu kutoka taa ikiwa imezimwa. Akipita bila kugusa usukani wala bomba, imewekwa vema. Akigusa, isogezwe tena. Ufunguo nao uwe na msumari wake kando ya mlango, si mfukoni, si chini ya mto. Na kila mtu mzima wa nyumba aujue msumari huo. Na ikiwa kilichozuka ni moto wa nyumba, pikipiki iachwe. Hakuna deni la pikipiki lisilolipika, lakini mtoto hana wa kumlipa.

Limebaki neno la mwisho, nalo ni la watu zaidi kuliko la chuma. Kuigeuza pikipiki katika chumba kile ni kuigeuza nyumba nzima. Meza yahama, godoro lakunjwa, babu aondoka kitini, mtoto aacha daftari lake. Kijana akiingia kwa kishindo, akipiga honi kichochoroni ili apishwe kama mkubwa wa serikali, watu wa nyumba watampisha huku wakinung’unika, na siku moja hawatampisha. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Pikipiki ni mgeni wa namna hiyo. Imekuja ili wenyeji wapone, haikuja kuwatoa vitini. Basi mwenye kuileta aingie kwa hodi: “Babu, samahani, naomba nipitishe.” Na babu, akisikia ameheshimiwa, atasimama mwenyewe na kushika taa. Tumeona nyumba ambako dada mdogo huvuta nyuma, kaka hushika usukani, na mama husimama kwenye kizingiti akisema kulia, kushoto, tosha. Wakimaliza hucheka pamoja. Tumeona pia nyumba kubwa kuliko hiyo ambako kazi hiyo hiyo huleta matusi kila jioni.

Akina mama nao tuwaambie neno. Kijana wenu amechoka, ni kweli. Lakini msinyamaze kwa huruma. Mpeni maji ya kunawa na sahani yake ikiwa imefunikwa, na mtu wa kumsaidia kuvuta, kisha pikipiki igeuzwe kabla hajakaa, kwa maana akikaa hainuki tena. Kumsaidia dakika tano jioni ni kumhurumia kuliko kumwachia alfajiri yote. Nanyi vijana, mwenye pikipiki hasemi amefika nyumbani kwa kuwa injini imezimwa. Amefika pale ambapo kila aliye ndani aweza kulala, na kuamka, na kutoka.

Basi jioni ya leo, kabla komeo halijafungwa, tazameni pikipiki yenu imeelekeza uso wapi.